Kuongeza ukubwa wa kipandikizi cha titi mara ya pili: pima upana kabla ya kutaja namba

Wanaorudi kwa upasuaji wa pili wa matiti karibu wote huja na namba tayari, yaani ujazo wa kipandikizi kwa mililita. "Nina 275, safari hii nataka 400." Ukiuliza hiyo 400 imetoka wapi, utaambiwa ni ya shoga yake aliyefanyiwa Istanbul, au ya picha aliyoiona Instagram. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, si daktari bingwa, kwa hiyo sitakuchagulia namba. Ninachoweza ni kukuonyesha namna ya kujiandaa ukiwa hapa Dodoma, ili siku unapokaa mbele ya daktari muwe mnazungumzia mwili wako na si wa shoga yako.

Shika jambo moja tangu sasa. Namba huamuliwa mwisho. Kwanza inakuja sababu, kisha makaratasi ya upasuaji wa kwanza, kisha hali ya matiti yenyewe, kisha upana wa kifua. Ukifika huko, namba inakuwa imebaki na nafasi ndogo sana ya kuchezea.

Hatua ya 1: Andika kinachokukera, usiandike "madogo"

Chukua daftari, jitazame kwenye kioo, andika unachokiona. Juu pamebonyea? Yameachana sana katikati? Chuchu zinatazama chini? Moja limepanda kuliko jingine? Malalamiko mengi ya "madogo" ukiyachambua hayahusu ukubwa. Kubonyea juu mara nyingi ni suala la mchomozo (kipandikizi kinavyotokeza mbele) au mahali kilipokaa. Kuachana katikati kunatokana na umbo la mbavu zako na mfuko uliotengenezwa ndani wa kukalia kipandikizi. Chuchu kutazama chini ni kazi ya kuinua titi, na ukimwekea kipandikizi kikubwa mtu mwenye ngozi iliyolegea, baada ya muda anabaki na titi zito lililolegea zaidi.

Muda nao una neno. Wiki za mwanzo matiti huwa yamevimba, na uvimbe ukiisha mwanamke anajiona kama kapunjwa. Jicho pia huzoea upesi. Madaktari wengi hawataki kugusa tena kabla ya miezi 6, na wengine husubiri mwaka mzima. Kama umetoka kunyonyesha, hesabu angalau miezi 6 tangu mtoto aache ziwa; kama unapungua au kuongezeka kilo, ngoja uzito utulie.

Na kama sababu ni gauni la sendofu ya mdogo wako mwezi ujao, au baba watoto ndiye anayesukuma, funga daftari kwanza.

Hatua ya 2: Tafuta kadi na ripoti ya upasuaji wa kwanza

Baada ya upasuaji wa kwanza ulipaswa kupewa kadi yenye jina la kampuni, ujazo (cc na ml ni kitu kimoja), upana, aina ya uso wa kipandikizi na namba ya toleo. Wengi waliitupa pamoja na bahasha ya dawa. Andikia hospitali ile, hata kama iko nje ya nchi, uombe kadi na pia ripoti ya upasuaji: kipandikizi kiko juu ya msuli wa kifua au chini yake, mpasuo ulipita wapi, na kama pande mbili ziliwekewa ujazo tofauti. Hilo la mwisho watu hulisahau, na bila kulijua daktari mpya anaweza kukurudishia tofauti ya pande mbili ambayo yule wa kwanza alikuwa ameshaisawazisha.

Namba ya toleo si urembo wa kadi. Mwaka 2010 vipandikizi vya kampuni ya Kifaransa ya PIP viliondolewa sokoni baada ya kubainika vilijazwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa tiba. Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL, vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuhusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Mwenye BIOCELL asiye na dalili yoyote hakushauriwa kukimbilia kuvitoa. Lakini kama unaingia chumba cha upasuaji kwa sababu nyingine, daktari lazima ajue anakutana na nini.

Makaratasi yakikosekana kabisa, mwambie daktari wazi. Atalazimika kukadiria, na ujazo halisi ataujua kipandikizi kikiwa mkononi mwake.

Hatua ya 3: Kagua vilivyomo kabla ya kufikiria vipya

Kipandikizi cha silikoni kinaweza kupasuka bila wewe kuhisi kitu. Ultrasaundi husaidia, MRI huona vizuri zaidi. Kwa Dodoma anzia Hospitali ya Benjamin Mkapa, kule upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), uulize utaratibu wa vipimo hivyo. Ukitakiwa kupiga mamogramu kwa ajili ya saratani ya titi, piga sasa, na umwambie mpiga picha una vipandikizi kabla hajaanza kubana, kwa sababu kuna mkao maalumu wa kuvisogeza nyuma.

Kagua pia utando. Mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi chochote, hiyo ni kawaida. Shida ni pale unapojikaza. Madaktari huupanga kwa daraja 1 hadi 4: la kwanza titi ni laini, la pili ni gumu kidogo lakini umbo lipo, la tatu ni gumu na umbo limeharibika, la nne limeongezeka maumivu. Mwenye daraja la 3 au la 4 haendi kuongeza ukubwa tu. Anaenda kutibiwa utando, na ukubwa unajadiliwa kama jambo la pili. Titi lililobanwa huonekana dogo na kupanda juu, kwa hiyo wapo waliodhani wanahitaji ml 150 zaidi kumbe kilichotakiwa ni kuondoa utando.

Hatua ya 4: Pima upana

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, tukae kidogo.

Kipandikizi kina vipimo vitatu: ujazo, upana wa kitako kinacholala juu ya mbavu, na mchomozo, yaani kinavyotokeza mbele. Ukigusa kimoja kingine kinasogea. Cha mviringo cha ml 300 chenye mchomozo wa wastani huwa na upana wa kama sentimita 12. Ml 300 hizohizo kwenye mchomozo mkubwa hukaribia 11. Ndiyo maana wanawake wawili wenye 300 wanaweza kusimama pamoja na vifua visifanane hata kidogo, na ndiyo maana namba ya shoga yako haikusaidii.

Titi lina mipaka yake. Kwa ndani ni ukingo wa mfupa wa katikati ya kifua, kwa nje ni mstari unaoshuka kutoka mbele ya kwapa. Kipandikizi kipana kuliko nafasi hiyo lazima kitafute pa kwenda. Kikisogea katikati, matiti mawili huungana, na kuyatenganisha tena ni kazi ngumu kuliko upasuaji wote uliotangulia. Kikisogea pembeni, mkono unagongana nacho kila unapoushusha, na ukilala chali kinaangukia kwapani.

Jipime nyumbani, ukijua daktari atarudia kwa vifaa vyake. Simama mbele ya kioo bila sidiria, mikono chini. Tumia rula iliyonyooka. Tepu ya fundi cherehani haifai hapa, itafuata mviringo wa titi na kukupa upana usiokuwepo. Pima kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje, uandike kwa kila upande, maana mara nyingi havilingani.

Halafu finya sehemu ya juu ya titi kwa vidole viwili, ngozi na nyama yake. Mkunjo ulioushika usipofika sentimita 2 unene, nyama ya kufunika kipandikizi ni chache. Kipandikizi kikubwa hapo kitaonyesha kingo zake, na ukiinama utaona mawimbi kwenye ngozi. Pima mwisho kutoka kwenye chuchu hadi mkunjo wa chini ya titi, ngozi ikiwa imevutwa kidogo. Kama ripoti ya kwanza inacho kipimo hiki na sasa kimeongezeka sana, ngozi ya chini imetanuka na kipandikizi kinashuka. Uzito zaidi utakishusha zaidi.

Sasa linganisha na kadi. Tuseme upana wa titi lako ni sentimita 12.5 na kipandikizi cha sasa kina 11. Ukiondoa unene wa nyama ya pembeni, huenda ipo nafasi kidogo ya kutanuka, na ukubwa ukaongezeka bila kulazimisha kitu. Tuseme badala yake cha sasa kina 12. Pembeni pamejaa. Nyongeza yoyote itatoka kwenye mchomozo, yaani mbele tu. Mchomozo mkubwa hulifanya titi lionekane la kutengenezwa. Wapo wanaolipenda hivyo, na ni haki yao. Ila hukandamiza nyama na kupunguza unene wa ngozi, na ngozi iliyokonda hairudi kuwa nene hata kipandikizi kikitolewa. Mimi, kama ningeulizwa, ningeogopa ngozi kukonda kuliko ningeogopa kovu.

Hatua ya 5: Jaribu tofauti, si jumla

Mtu wa mara ya kwanza hujaribu ukubwa wote. Wewe tayari una kitu ndani, kwa hiyo kinachokuhusu ni nyongeza.

Anza na hesabu. Mililita 60 ni vijiko 4 vya chakula. Zitandaze kwenye titi zima, hata dada yako hataona. Nyongeza hiyo juu ya 250 ni karibu robo. Juu ya 450 haifiki sehemu moja ya saba. Kadiri ulicho nacho kilivyo kikubwa, ndivyo nyongeza inavyotakiwa kuwa kubwa ili ionekane. Madaktari wengi huona chini ya ml 50 si sababu ya kurudi kwenye kisu, na mabadiliko ya kuonekana huanzia kwenye ml 80 hadi 100. Kupanda kikombe kimoja cha sidiria hukadiriwa kuwa ml 150 hadi 200, lakini makadirio hayo ni ya kubahatisha: mwembamba huhitaji pungufu, mwenye kifua kipana huhitaji zaidi, na 34C ya duka moja pale Majengo ni 34B ya duka la jirani. Daktari akikuahidi "utavaa D", mwombe azungumze kwa sentimita.

Kisha chukua mchele, wa Bahi au wowote ulio jikoni, na jagi la kupimia lenye alama za mililita. Pima 100, mimina kwenye soksi nyembamba ya kike, funga. Tengeneza mbili. Tengeneza nyingine mbili za 150. Nunua sidiria laini isiyo na waya, saizi moja juu ya yako, uweke soksi juu ya titi ndani ya sidiria, uzitandaze. Vaa nguo zako za kazini, si fulana ya kubana uliyoinunua kwa ajili ya picha.

Usiishie kwenye kioo. Kaa nazo kutwa nzima. Panda bajaji kutoka Nkuhungu hadi mjini, fua, deki nyumba, kaa kwenye kiti cha ofisi kule Mtumba hadi jioni, vaa gauni la kanisani au baibui. Rudia siku nyingine kwa zile za 150. Sikiliza mabega na mgongo. Mchele ni mwepesi kuliko silikoni kwa ujazo uleule: ml 100 za mchele ni kama gramu 80, silikoni inakaribia gramu 100. Kwa hiyo utakachohisi ni pungufu ya kitakachokuja. Jumla nayo usiisahau: vipandikizi viwili vya ml 400 ni gramu 800 hivi, karibu pakiti ya kilo moja ya unga uliyoifunga kifuani na usiyoweza kuitua usiku. Kwa upande mwingine, kipandikizi kilicho chini ya msuli huonekana kidogo kuliko mchele ulio juu ya ngozi, kwa hiyo jaribio hili linakupa mwelekeo. Halikupi namba ya kuagiza.

Hatua ya 6: Mbele ya daktari

Nenda na daftari, kadi, ripoti, majibu ya vipimo, na picha chache za matiti ya watu wenye kifua kinachofanana na chako. Picha za waliovaa sidiria ya kusukuma hazimwambii kitu.

Muulize kwanza atafanya nini na mfuko. Kipandikizi kikubwa hakiingii kwenye mfuko wa zamani hivihivi. Inabidi autanue, na akiutanua sana hakuna cha kukishikilia. Muulize kama utando utaachwa, utakatwa au utatolewa, kama mkunjo wa chini utashushwa, na kama unahitaji kuinuliwa titi sambamba. Hayo ndiyo yanayoamua ukubwa wa upasuaji. Kubadilisha tu kipandikizi ndani ya mfuko uleule kwa kawaida hupona upesi kuliko mara ya kwanza. Kuondoa utando wote au kuhamisha kipandikizi kutoka juu ya msuli kwenda chini yake ni habari nyingine, na unaweza kuamka na mirija ya kutolea maji.

Mkubaliane upeo badala ya namba moja: kwa mfano "kati ya 350 na 390, upana usizidi 12". Daktari mzuri huwa na saizi kadhaa mezani, hupachika kwanza kipimio cha muda, hukukalisha ukiwa usingizini atazame, ndipo achague. Ukimlazimisha namba moja unamfunga mikono wakati anapouona mwili wako kwa ndani.

Muulize pia akutajie ukubwa asioweza kukuwekea na kwa nini. Anayekubali kila unachotaja, mwogope. Na akikuambia ngozi yako haibebi zaidi, tafuta maoni ya pili kwa lengo la kuelewa, usizunguke hadi umpate wa kusema ndiyo.

Hatua ya 7: Wapi, na kwa fedha gani

Upasuaji huu ni wa bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Kwa wengi wetu maana yake ni Dar es Salaam, au Nairobi, India, Uturuki. Daktari wa hapa nchini sharti awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Omba jina kamili na namba yake ya usajili, uhakikishe na ubingwa wenyewe. Vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba nchini, kwa hiyo kipandikizi kinacholetwa kwenye begi la mtu "kwa bei poa" kikatae.

Bima usiitegemee kwa upasuaji wa urembo. Omba bei iliyoandikwa inayotaja kipandikizi, chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi, kulazwa na mahudhurio ya baadaye, kisha uulize nani analipa ikibidi kurudishwa chumbani usiku uleule. Nimeona watu wakikopa VICOBA kwa bei ya upasuaji pekee, wakakwama kwenye nauli ya kurudi kuangaliwa kidonda. Kipandikizi hakidumu maisha yote. Anayeweka cha pili aweke akilini kwamba huenda kuna cha tatu.

Ukifanyiwa Dar, treni ya SGR iliyoanza kuja Dodoma mwaka 2024 ni rahisi kwa kifua chenye nyuzi kuliko basi, ila uwe na mtu wa kubeba begi. Ukifanyiwa nje, usipange ndege mapema: ushauri wa Uingereza kwa upasuaji wa matiti ni kusubiri siku 5 hadi 7 kabla ya kuruka, kwa hofu ya damu kuganda miguuni. Na kabla hujaondoka Dodoma, jua ni daktari gani wa hapa atakayekupokea mambo yakiharibika.

Hatua ya 8: Kabla na baada

Acha sigara na shisha angalau wiki 4 kabla na 4 baada. Taja kila dawa unayotumia, aspirini na dawa za mitishamba zikiwemo, maana zipo zinazofanya damu isigande. Taja pia selimundu kama unayo.

Baadaye fuata sidiria uliyopewa, lala chali, na usinyanyue kitu kizito hadi uruhusiwe, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Hapa kwetu maana yake ni ndoo ya maji siku mgao unapopita, na mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa. Tafuta msaidizi kabla, na bodaboda iache. Joto la Oktoba na Novemba pamoja na vumbi letu havipatani na kidonda kilichofungwa. Mwenye nafasi ya kuchagua achague Juni au Julai.

Homa, titi moja kuvimba ghafla kuliko jingine, wekundu unaosambaa au usaha usingojee miadi. Kifua kubana, pumzi kukata au shavu la mguu mmoja kuvimba na kuuma ni dharura: nenda Benjamin Mkapa au General (hospitali ya rufaa ya mkoa) saa hiyohiyo, ueleze umefanyiwa upasuaji lini.

Kwa vipandikizi vya silikoni, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, hushauri ultrasaundi au MRI ya kwanza miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama huna dalili. Titi likivimba lenyewe mwaka au miaka baadaye, bila kuumia, maji yaliyomo ndani yachukuliwe na kupimwa maabara kabla mtu hajakuandikia antibayotiki na kukurudisha nyumbani.